Njia ya Kwenda Bwawa la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Novemba. Kasese

Nimepima njia tena. Mara ya nne. Kambi hadi bwawani, dakika arobaini kwa mwendo wa mgeni mwenye viatu vipya. Ishirini kwa mwendo wangu. Nimeandika arobaini na tano, kwa sababu mmoja wa wageni ni bibi mwenye fimbo, na nimeambiwa husimama kwa kila ndege anayeimba.

Ratiba imekaa vizuri. Sijui kama kuna mtu mwingine Kasese nzima anayeweza kupanga safari namna hii kwa elimu ya Senior Two, kidato cha pili. Siku ya kwanza wafike mchana, wale, walale kidogo, jioni wapande ukingoni, juu ya tambarare, kutazama. Siku ya pili asubuhi swala na ngiri kwenye nyasi fupi, jioni bwawani, saa mbogo wanaposhuka kunywa. Siku ya tatu chai, picha, kwaheri, machozi. Machozi siyaandiki, lakini huwa yapo. Watu wakitembezwa na mimi hulia wakiondoka.

Mbuga ya serikali kila mtu anaijua. Kule unakaa ndani ya gari kama mahabusu. Kwetu unatembea kwa miguu. Hifadhi yetu ni ya jamii: familia kumi na nne zimeunganisha mashamba yao ya tambarare chini ya Kisinga, zikaacha kulima, wanyama wakarudi wenyewe. Kila familia ina kipande chake. Mgeni hakanyagi kipande cha mtu mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na mimi nilikuwepo ikitungwa.

Lakini watu wamechoka kungoja. Mzee Kule, mwenyekiti wetu, alisema wazi mkutanoni wiki iliyopita: hawa ndio wageni wa kwanza wa kweli. Wasipokuja, au wakija wakaondoka wamenuna, Januari trekta linaingia. Pamba. Familia tisa zimeshasema ziko tayari. Kisha akapita kwenye ramani kipande kwa kipande, akafika penye bwawa. Kile ni kipande cha mama mkwe wangu. Akaniuliza. Nikasimama, nikaweka mkono kiunoni. Nikasema, "Hicho kiko mfukoni mwangu." Watu wakapiga makofi. Akaandika ndiyo.

Na siyo uongo. Mwezi wa tisa nilimtuma shemeji yangu Baluku apande mlimani Kyondo akamwombe mama yake. Akarudi na kikapu. Unga wa muhogo wa kusongea bundu, ule ugali wao, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaushwa. Hakuna mtu anayekulisha kisha akakukatalia. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda.

Jumatano, 5 Novemba. Kasese

Grace, yule dada wa kampuni ya Kampala anayeleta wageni, ametuma tangazo lao. Picha ya bwawa ndiyo iko juu kabisa. Niliipiga mimi, kwa simu hii hii yenye ufa. Anasema wageni wote sita wamechagua kwetu kwa sababu ya ile picha.

Ananiita Kapteni. Wote wananiita hivyo. Sijawahi kuwa kapteni wa kitu. Baba ndiye alikuwa jeshini, koplo Mlugbara kutoka Arua, akanizalia huku kambini, na Kiswahili ndicho nilichoombea maziwa. Mimi nimeendesha malori tu. Juba, Mombasa, Bunia. Nimelala chini ya lori jangwani na nyoka akalala upande wa pili, asubuhi tukaagana. Jina langu ni Adriko, lakini Kapteni linanitosha.

Ijumaa, 7 Novemba. Kasese

Siku mbaya.

Nimempigia Baluku, yuko Kampala kwenye kazi ya ujenzi, nimwambie wageni wanakaribia. Nikamwambia ampe mama yake shukrani zangu kwa kukubali. Akaniuliza kukubali gani. Nikadhani mtandao.

Kisha akasema, "Shemeji, kile chakula ni cha kusema nimesikia. Jibu bado."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni. Kwao ombi kubwa halijibiwi siku linapoletwa. Chakula kinatangulia, ili aliyeomba asikae na njaa akingoja. Halafu aliyeomba anatuma mtu mara ya pili kuja kuchukua neno lenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani najua, mbona najua kila kitu.

Mtu wa pili hakutumwa. Mama mkwe amekaa miezi miwili akingoja nimtume. Mimi nimekaa miezi miwili nikijisifu.

Nimpigie Mwenyekiti? Hapana. Ndiyo imeshaandikwa. Kesho naenda nyumbani Bwera. Mke wangu Masika atapanda Kyondo kwa mama yake, ataleta jibu, jibu litakuwa ndiyo, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kitu cha kujua.

Jumamosi, 8 Novemba. Bwera

Nimefika. Masika alikuwa sokoni mpakani na vitenge vyake, amerudi amechoka, amepika wali. Sikumwambia. Nilimsimulia habari za bibi wa fimbo na ndege wake, akacheka. Kesho nitamwambia.

Mvua. Mvua kubwa sana.

Jumapili, 9 Novemba. Bwera

Nimefungwa. Nyumbani kwangu mwenyewe.

Nililala baada ya chakula, usingizi wa mtu tajiri. Nikaamshwa na sauti za watu uani. Nikachungulia pembeni mwa pazia. Wanaume wanne wa Kyondo, machela ya mianzi, na juu ya machela mama mkwe wangu, mguu wa kulia una plasta nyeupe mpaka gotini. Jana aliteleza kwenye mteremko wa kahawa. Hospitali wamesema asipande mlima wiki tatu. Mahali pa tambarare palipo karibu ni kwa binti yake. Yaani kwangu.

Nikarudi nyuma kama mwizi.

Niandike kwa utaratibu, kichwa kinazunguka. Huku mkwe na mama mkwe hawaonani uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya bati moja, hawasemeshani. Siyo ugomvi. Kadiri mnavyoheshimiana ndivyo mnavyokimbiana. Miaka tisa nimemwona mgongo tu, na kisigino. Mimi ni mtoto wa kambi, kambini watu wanaonana hata bafuni, lakini nilipooa nilisema nitaishika desturi yao, na nimeishika kuliko wenyeji.

Sasa. Masika amempa ile nyumba ndogo ya jikoni alale. Mchana anamtandikia mkeka uani penye jua, mguu juu ya mto. Mkeka uko hatua tatu kutoka mlangoni kwangu. Nyumba ina mlango mmoja. Madirisha yana nondo, nilizichomelea mwenyewe, nikawaambia majirani hata chui hapiti.

Kweli. Hapiti.

Jumatatu, 10 Novemba. Bwera

Mto umepanda usiku, umekula barabara upande wa Kisinga. Magari hayapiti. Pikipiki hazipiti. Kwa hiyo hata nikitoka sina pa kwenda. Nimefungwa ndani ya kufungwa.

Utaratibu wa choo: nakohoa mara tatu. Masika anasema kwa sauti, "Mama, mtu anapita." Kimya kidogo. Napita upesi, macho kwenye ukuta wa jirani, naona tu leso ya njano imefunika kichwa. Kurudi, vilevile. Nimepunguza chai.

Jirani yangu, askari polisi, ameniona dirishani akaja na kikombe chake mkononi kunitazama. Akaniuliza, "Afande, umewekwa kizuizini?"

Nikamwambia niko likizo.

"Likizo ya nondo," akasema, akaenda kuwaita wenzake.

Mwenyekiti amepiga simu. Barabara ikifunguka anataka twende na watu wa mapanga tukafyeke njia ya bwawani, nyasi zimepanda. Nikamwambia tungoje mvua. Akasema mvua haina ratiba, ratiba ni yako. Alicheka. Nilicheka pia. Nikakata simu upesi.

Jumanne, 11 Novemba. Bwera

Nimemwambia Masika.

Alikuwa anakunja vitenge kitandani. Nilinong'ona. Nilianza na kikapu, nikaenda kwenye mkutano, nikamaliza na Baluku. Hakunikatiza. Alikunja kile kitenge kimoja mara sita.

Akasema, "Sikujua nimeolewa na redio."

Nikamwomba amuulize mama yake sasa hivi, yuko hapo nje, ni maneno kumi tu. Akakataa. Akasema nilimsemea mama yake mbele ya familia kumi na nne, na yeye hakutumwa wakati huo, hatatumwa sasa. Nikamwambia mimi siwezi kusema naye, anajua siwezi. Akasema anajua.

Alipofika mlangoni akageuka. "Na kwa nini bwawani, Adriko? Kati ya mahali pote."

Akatoka bila kungoja jibu. Bwawani ndipo wanyama walipo. Kuna swali gani hapo?

Nimekasirika. Nimekasirika na Baluku, na mvua, na mguu wa mama mkwe, na mila ya watu ambayo mtu hawezi kuieleza kwenye tangazo. Nimejilaza. Bati lina misumari mia moja na kumi na tisa upande huu.

Jumatano, 12 Novemba. Bwera

Niandike kabla sijaipamba.

Asubuhi Masika alikwenda sokoni. Nyumbani tukabaki watu wawili, mimi ndani, mama mkwe nje, mlango umerudishwa. Nilikuwa nimekaa sakafuni nyuma ya mlango, sijui kwa nini, labda kwa sababu hewa inapita chini yake. Kisha nikasikia kijiko kinagonga sufuria. Mara mbili, polepole, kama mwalimu anayegonga meza.

Akasema, "Sufuria, sikia."

Kwa Kiswahili. Yule mama hasemi Kiswahili. Anasema Lhukonzo, na mimi Lhukonzo yangu ni ya kununulia ndizi tu. Alikuwa anatumia Kiswahili cha soko la mpakani, cha Kikongo, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alikitumia ili asihitajike mtu wa katikati.

"Sufuria, huyu mutu iko na sauti kubwa. Ananong'ona kama gari ya mizigo. Jana nimesikia yote."

Nilishika kichwa. Nilitamani nipite chini ya mlango pamoja na hewa.

Akaendelea. Aliiambia sufuria kwamba alingoja mtu wa pili. Kila alipoona pikipiki inapanda Kyondo alisema ni huyo. Hakuja. Kwa hiyo jibu lake lilikaa tumboni miezi miwili, na sasa atalitoa, kwa sababu mguu umemleta mpaka hapa na labda mguu una akili kuliko watu.

Jibu ni hapana.

Nilisubiri kama kuna kitu kingine. Hakikuja. Basi nikafanya nilichoona ndicho kinachofanyika. Nikauambia mlango. Nikasema, "Mlango, mwenye kuomba anasikia. Lakini kuna askari wa wanyama atatembea na wageni, ana bunduki. Hakuna hatari."

Kijiko kikagonga.

"Sufuria, bunduki ilikuwako."

Hapo ndipo akasimulia. Mumewe, baba yake Masika. Alikuwa mtu wa watu, wa kuchekesha. Siku moja aliwachukua walimu watano waliokuwa wageni Kisinga, akawapeleka kwenye lile bwawa awaonyeshe mbogo, na mtu wa bunduki akawa nyuma yao. Akawaambia mbogo wanamjua. Akaingia kwenye nyasi huku mikono ameiweka mfukoni, ili wacheke. Walicheka. Mbogo aliyekuwa amelala hakuonekana mpaka aliposimama. Mwenye bunduki alipiga, akapiga hewa.

"Alikuwa anacheka vile huyu anacheka," akaiambia sufuria. "Mimi nilibaki na watoto nne. Mutoto wangu iko na bwana moja tu."

Kisha akaanza kumenya kitu, muhogo nadhani. Nilisikia kisu.

Miaka tisa ya ndoa. Nilijua tu kwamba baba mkwe alifariki Masika akiwa mdogo. Sikuwahi kuuliza alikufaje. Nilikuwa nasimulia ya Juba.

Alhamisi, 13 Novemba. Bwera

Grace ametuma picha ya wageni wamevaa kofia zao mpya, sita, kwenye kochi. Mwenyekiti amepiga simu mara tatu. Barabara inarekebishwa, kesho pikipiki zitapita.

Nitaandika hapa kitu kibaya, kwa kuwa hakuna anayesoma.

Mguu wake umefungwa kwa wiki tatu. Wageni ni wiki ijayo. Hawezi kufika bwawani. Masika anaweza kunyamaza. Mwenyekiti ameshaandika ndiyo. Nikikaa kimya tu, bila kusema neno hata moja la uongo zaidi, kila kitu kinakwenda. Wageni wanaona mbogo. Familia zinafurahi. Trekta haliji. Wanyama wanabaki, hata wale wa kipande chake, hata yeye anafaidika. Na mimi sitaingia kwenye nyasi. Nitasimama mbali. Mikono nje ya mfuko.

Nikisema ukweli, picha ya bwawa inaanguka, wageni labda wanaanguka, pamba inaingia, na mimi ninakuwa yule Mlugbara mwongo wa kambini ambaye tulimwamini. Nimeishi huku maisha yangu yote na najua neno hilo linakaa wapi. Linakaa karibu.

Saa sita nilikohoa mara tatu. Masika alikuwa amekwenda kisimani, hakuna aliyesema mtu anapita. Nikasubiri, nikachungulia kwenye ufa wa mlango kama mama mkwe amejifunika. Haifai. Nilichungulia.

Anageuka mwili mzima. Hilo sikulijua. Nilidhani anavuta leso tu. Anashika mguu wa plasta kwa mikono miwili, anaunyanyua kama mtoto mchanga, anauhamisha upande wa ukuta, halafu anajikokota kuufuata, ndipo anajifunika. Vidole vimevimba, vimekuwa kama tangawizi. Katikati alitua akapumua, akaendelea. Ili mimi nipite kwa heshima kwenda chooni. Siku ya nne hii, mara nne kwa siku, kwenda na kurudi.

Nilirudi kitandani. Sikupita. Nilikaa hivyo mpaka Masika aliporudi, na kwa kweli niliteseka.

Ijumaa, 14 Novemba. Bwera, kisha Kisinga

Pikipiki zinapita. Nimempigia Mwenyekiti, nimemwomba aite familia zote kesho. Akauliza kuna nini. Nikasema kuna njia mpya. Sikuweza kusema zaidi kwenye simu. Mwoga ni mwoga hata akiamua.

Nilifunga begi. Nikasimama nyuma ya mlango. Masika alikuwa uani, anamchana mama yake nywele. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, maana kunong'ona nimeacha:

"Mlango, bwawa halitakanyagwa. Na mwenye kuomba anaomba msamaha. Alimsemea mtu mzima."

Kitana kikasimama. Kisha kijiko.

"Sufuria, njia ina matope. Aende polepole."

Nikakohoa. Nikangoja mara tatu zaidi ya kawaida, ageuke kwa raha yake.

Masika alinisindikiza mpaka barabarani. Hakusema kitu kuhusu jambo lenyewe. Alinifunga kifungo cha juu cha shati, ambacho sikifungi kamwe, nikakiacha kikae.

Jumamosi, 15 Novemba. Kisinga

Nimesema.

Walikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Mwenyekiti, ramani imetandikwa chini, mawe kwenye pembe. Nilitaka kuanza na mzaha. Nilikuwa nao mzuri, wa mguu na nondo. Sikuutoa. Nikasema mama mkwe wangu hakusema ndiyo. Mimi ndiye niliyesema. Alipoulizwa kwa utaratibu alisema hapana, na sababu yake ni ya kaburi.

Wazee waliitazama ramani. Wengine waliijua hadithi, nikaona nyusoni mwao. Waliijua siku zote, wakadhani mjane amesamehe lile bwawa, wakamsifu moyoni. Hilo liliniumiza kuliko matusi.

Matusi pia yalikuwepo. Mama mmoja wa zile familia tisa alisema hivi ndivyo inavyokuwa mkimpa dereva wa lori ardhi yenu aichore. Mzee Kule alinitazama. Yule mzee hanyanyui sauti.

"Mfuko wako una tobo, Kapteni," akasema. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya ndiyo.

Nikawaonyesha njia mpya. Haishuki. Inazunguka juu ya ukingo wa mashariki, kupitia vipande vya watu watano ambao wote walikuwepo na wote wakasema wenyewe, kwa midomo yao, nikiwatazama. Kutoka juu pale bwawa linaonekana, lakini dogo, kama kifungo cha shati. Mbogo watakuwa siafu. Sikupamba.

Waliamua hivi: wageni waje. Trekta liko palepale, neno la Januari halijafutwa, familia tisa bado ni tisa. Ramani sasa inakaa kwa Mwenyekiti. Mimi nitaongoza tu, sitapanga tena. Nilisema sawa. Niliichora mimi ile ramani, kila mti. Nilisema sawa.

Grace nilimpigia baadaye. Hakupiga kelele, nilitamani angepiga. Akasema atawaambia wageni ukweli. Jioni akaandika: wawili wamejitoa. Wanne wanakuja. Bibi wa fimbo anakuja.

Jumanne, 18 Novemba. Kisinga

Tumefyeka njia ya ukingoni, watu sita. Yule mama aliyenitukana alileta maji ya kunywa. Alimpa kila mtu, akanifikia mimi wa mwisho, yakawa yamebaki nusu kikombe. Nilikunywa nikashukuru.

Nimelala vibaya. Siku tatu hizi hakuna mtu aliyeniita Kapteni.

Masika anasema mama anaendelea. Vidole vimenywea.

Ijumaa, 21 Novemba. Kambini

Wageni walifika jana mchana. Watu wapole. Bibi wa fimbo anaitwa Ruth, ana miaka sabini na sita, amesimama kwa ndege thelathini kabla ya kufika kambini. Asubuhi ya leo swala walikuja karibu. Ngiri walikimbia mikia juu, wageni wakacheka, na hilo halikuwa kazi yangu.

Saa kumi na moja tukapanda ukingoni. Niliwaambia mambo machache. Kwamba bwawa lile chini ni la mtu, mwenyewe hataki likanyagwe, na tutalitazama kutoka hapa. Mmoja akauliza kwa nini. Nikasema alifiwa pale. Akavua kofia. Sikuongeza kitu. Ulimi uliwasha, lakini sikuongeza.

Tukakaa. Tukangoja. Jua likaingia chini ya wingu.

Kisha nikasikia watu nyuma yetu. Mzee Kule, mke wake, yule mama wa maji, na wengine, labda kumi na wawili. Wamepanda kimya. Sikuwaita. Wakakaa kwenye nyasi nyuma ya wageni, wanawake wamenyoosha miguu, kama watu waliokuja kanisani wakakuta ibada imeanza.

Mbogo wakatoka kwenye vichaka. Wadogo, kweli, kama siafu. Wengi. Bibi Ruth alitazama kwa darubini yake, halafu akageuka, akaivua shingoni, akampa yule mama wa maji. Yule mama hakujua kuishika. Akaonyeshwa. Akatazama muda mrefu sana.

Watu hawa wamezaliwa kati ya wanyama hawa. Kila mwaka wa maisha yao wamewaona huku wao wenyewe wana debe mkononi na fimbo ya kulipigia, shambani, wakiwafukuza, wamekasirika au wanaogopa. Hawajawahi kukaa na kuwatazama.

Akampa Mzee Kule. Mzee Kule akampa mkewe. Darubini ikazunguka hivyo, mkono kwa mkono, hadi mtu wa mwisho, na mbogo walikuwa bado wanakunywa.

Hakuna aliyesema neno kuhusu Januari. Mimi pia sikuuliza. Giza lilipoanza tukashuka pamoja, mstari mmoja, bibi Ruth katikati. Mke wa Mwenyekiti alimshika mkono penye mawe.

Sasa wanakula. Nawasikia. Mimi nimekaa kwenye gogo, miguu imechoka vizuri. Kesho chai saa moja, halafu nawapeleka Kasese.